Melatonini, kinga na uzazi: hadithi tamu tunayoisimulia vibaya

Mwaka jana dada yangu alinitumia picha ya kichupa. Dada ni muuguzi, zamu zake nyingi ni za usiku, na yeye na shemeji wamekuwa wakitafuta mtoto kwa muda sasa. Kichupa kilikuwa cha vidonge vya melatonini, miligramu 5, na chini ya picha kulikuwa na ule ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: homoni ya usingizi, huongeza kinga, huimarisha uzazi, ni ya asili, haina madhara. Akaongeza swali lake: "Mdogo wangu, wewe si ndo unasoma haya mambo? Ninywe?"

Nilikuwa kwenye daladala. Nikamjibu ndani ya dakika moja: "Kinga kweli inaongeza dada, tafiti zipo nyingi."

Makala hii inakosoa jibu lile. Ni jibu langu, lakini sikulitunga mimi. Nimelisoma kwenye vitabu, nimelisikia kwenye semina, na nina hakika msomaji nawe umeshakutana nalo mahali. Tatizo lake ni kwamba ndani yake kuna ukweli wa kutosha kukufanya usiulize zaidi. Kwa hiyo tuulize.

Kwanza, hii si homoni ya usingizi

Mwaka 1958 Aaron Lerner, daktari wa ngozi katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alitangaza pamoja na wenzake kwamba wamefanikiwa kuitenga melatonini. Walitumia tezi za pineali za ng'ombe zaidi ya laki moja ili wapate kiasi kidogo sana cha kitu kinachofifisha rangi ya ngozi ya chura. Lerner alikuwa anafuatilia rangi ya ngozi. Habari za usingizi hazikuwemo kabisa.

Baadaye ikajulikana kwamba tezi hii ndogo iliyo katikati ya ubongo huitoa melatonini usiku. Na hapa ndipo jina la "homoni ya usingizi" linapoanza kuyumba. Binadamu hulala usiku na melatonini yake hupanda usiku. Panya hukesha usiku, na melatonini yake nayo hupanda usiku huohuo. Yule panya anayekimbizana juu ya dari yako saa nane za usiku, ukiwa umekaa macho unahesabu nyayo zake, damu yake imejaa melatonini. Mbona hasinzii?

Ni kwa sababu kazi ya melatonini ni kuuambia mwili kwamba kuna giza, na giza limedumu kwa muda gani. Mwanga ukiingia jichoni, taarifa huenda kwenye saa kuu ya ubongo iliyo ndani ya hipothalamasi, na saa hiyo huizuia pineali. Giza likiingia, kizuizi huondoka. Usiku ukiwa mrefu, melatonini hukaa juu kwa muda mrefu. Usiku ukiwa mfupi, huwahi kushuka. Mwili unasoma urefu wa usiku kama unavyosoma kalenda ukutani.

Shika hilo, maana hoja yangu yote inasimama hapo: melatonini ni taarifa. Mwili utakaoipokea ndio unaoamua uifanyie nini.

Hamsta na kondoo: taarifa moja, majibu mawili

Mwaka 1965 Roger Hoffman na Russel Reiter walichapisha kazi kuhusu hamsta wa Syria. Hamsta ni mnyama mdogo wa jamii ya panya, anayezaa majira ya joto. Akipata mwanga chini ya takriban saa 12 na nusu kwa siku, korodani zake huanza kusinyaa, na baada ya wiki kadhaa hubaki sehemu ndogo tu ya ukubwa wake wa awali. Hoffman na Reiter walionyesha kwamba ukimwondoa pineali hamsta huyo, giza halimsinyazi tena. Tezi ambayo wengi waliichukulia kama mabaki yasiyo na kazi, kumbe ndiyo ilikuwa inafunga mlango wa uzazi.

Miaka ya 1980 watafiti kama Bruce Goldman walikwenda mbali zaidi. Waliwaondoa hamsta wa Siberia tezi ya pineali, kisha wakawaingizia melatonini wenyewe kwa mrija, kwa muda waliouchagua. Uingizaji wa saa chache kila siku, mwili ukasoma "kiangazi" na uzazi ukaendelea. Uingizaji wa saa 8 au zaidi, mwili ukasoma "baridi" na korodani zikasinyaa. Muda ndio uliokuwa ujumbe. Kuongeza kiasi hakukuwa na maana kubwa kama kuongeza saa.

Sasa njoo kwa kondoo. Kondoo wa Ulaya hubeba mimba karibu miezi mitano. Akitaka mwanawe azaliwe majira ya kuchipua, majani yakiwa mapya, lazima apandwe wakati siku zinapungua, kuelekea majira ya baridi. Kwa hiyo kwake usiku mrefu hufungua mlango uleule ambao kwa hamsta unafungwa. Kundi la Fred Karsch na Eric Bittman kule Michigan walirudia jaribio la mrija kwa kondoo majike wasio na pineali, na melatonini ya muda mrefu ikawaletea msimu wa uzazi. Hadi leo wafugaji wa nchi za baridi huweka kipande kidogo chenye melatonini chini ya ngozi, nyuma ya sikio la kondoo, ili msimu uanze mapema.

Fikiria kengele ya shule ya msingi saa sita na nusu mchana. Mlio ni ule ule. Darasa la kwanza wanasikia wanakimbilia nyumbani, darasa la saba wanasikia wanaingia tuisheni. Ukiniuliza "kengele hufanya watoto waende nyumbani?" nitakujibu: darasa gani?

Hata ndani ya ubongo hali ndiyo hiyo. Kwa hamsta na kwa kondoo, melatonini husomwa kwenye sehemu moja nyembamba iliyo juu ya tezi ya pituitari. Sehemu hiyo hurekebisha kiasi cha homoni ya thairoidi inayofanya kazi ndani ya hipothalamasi: usiku ukirefuka hushuka, usiku ukifupika hupanda. Mpaka hapo wanyama hawa wawili wanafanana sana. Wanatofautiana baada ya hapo, kwenye jinsi neva za uzazi zinavyoitikia badiliko hilo.

Kwa hiyo mtu akikuambia "melatonini huimarisha uzazi", ana haki kama anauza kondoo. Kama anauza hamsta, kasema kinyume kabisa.

Na kinga je?

Hapa ndipo jibu langu la kwenye daladala lilipotoka. Kwa nchi zenye baridi, majira ya baridi ni kipindi kigumu: chakula haba, mwili unatumia nishati nyingi kujipasha joto, magonjwa na njaa vinamsubiri mnyama kwa pamoja. Mwaka 1996 Randy Nelson na Gregory Demas walikusanya tafiti zilizokuwepo na kujenga hoja nzuri sana. Walisema, kwa kuwa mnyama anaweza kujua mapema kwamba baridi inakuja kwa kusoma urefu wa usiku, atafaidika akiacha kuzaa, ambako ni gharama kubwa, na kuelekeza nishati kwenye kujilinda. Melatonini ndiyo ingebeba taarifa hiyo. Uzazi unashuka, kinga inapanda.

Ni hoja ninayoipenda hadi leo. Inaeleza kitu cha kweli: mwili una bajeti. Anayelipa ada ya mtoto na kodi ya nyumba kwa mshahara mmoja anaelewa hili bila mhadhara.

Lakini angalia tunachokifanya tukiisimulia. Tunachukua neno "kinga" kana kwamba ni maji kwenye tanki, yanapanda au yanashuka. Kinga haiko hivyo. Kuna seli zinazomeza vijidudu, kuna seli zinazoua seli zilizoambukizwa, kuna zinazotengeneza kingamwili, kuna homa, kuna kule kukosa hamu ya kula na kujikunyata ukiwa mgonjwa. Kila moja ina gharama yake na hatari yake.

Hamsta wa Siberia walipopimwa kipengele kimoja kimoja, picha ikachanganyika. Kwenye siku fupi, shughuli za seli zile za asili zinazoua seli zilizoambukizwa ziliongezeka. Seli zinazomeza vijidudu, kwa upande mwingine, zilipungua nguvu. Halafu mwaka 2002 Staci Bilbo na wenzake waliwachoma hamsta sindano yenye vipande vya ukuta wa bakteria, ambavyo huuamsha mwili kana kwamba umeambukizwa. Hamsta wa siku fupi walipata homa ya muda mfupi zaidi, na dalili za ugonjwa zikawa nyepesi kuliko kwa wale wa siku ndefu.

Hiyo ni kinga iliyopanda au iliyoshuka? Kama unapima kwa ukali wa homa, imeshuka. Kama unapima kwa nishati iliyookolewa na mnyama asiye na akiba, amefanya uamuzi wa busara. Homa ni ghali, na hamsta mwembamba wa majira ya baridi hana hela ya kuichezea.

Basi tafiti hazisemi kwamba melatonini "huongeza kinga". Zinaonyesha kwamba kwa wanyama wa msimu, usiku mrefu hupanga upya kinga: hapa anaongeza, pale anapunguza, kulingana na spishi, jinsia na kitu ulichopima. Na bado kuna swali ambalo mara nyingi tunaliruka. Je, melatonini inaongea moja kwa moja na seli za kinga, au inapitia kwenye korodani na ovari, kwamba homoni za uzazi zikibadilika ndizo zinazogusa kinga? Wengi tulifundishwa kwamba testosteroni hukandamiza kinga, kwa hiyo ikishuka kinga inapumua. Lakini kwa hamsta wa Siberia, Bilbo na Nelson walikuta homoni za uzazi zikiongeza baadhi ya vipengele vya kinga. Kanuni ya darasani haikupita hapo.

Kitabu kilichoipeleka habari dukani

Hadithi hii isingefika kwenye simu ya dada yangu bila msaada. Mwaka 1995 kilitoka Marekani kitabu kiitwacho *The Melatonin Miracle*, cha Walter Pierpaoli na William Regelson, wakishirikiana na Carol Colman. Jaladani kiliahidi vitu vitatu kwa pamoja: homoni hii inarudisha ujana, inapambana na magonjwa na inaongeza nguvu za tendo la ndoa. Kikauzwa sana.

Tumpe Pierpaoli haki yake. Mwaka 1986 yeye, Georges Maestroni na Ario Conti, wakiwa Uswisi, walichapisha kazi muhimu. Panya waliozuiwa kutengeneza melatonini kwa dawa walitoa kingamwili chache, na walipopewa melatonini kuelekea jioni, kingamwili zikarudi. Walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba pineali na kinga vinaweza kuzungumza. Sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu uko kwenye kuruka kutoka panya huyo hadi jalada lile. Sehemu ya ushahidi wa kitabu ilikuwa majaribio ya kupandikiza pineali za panya wachanga kwa panya wazee, na wazee wakaishi zaidi. Ikasemwa ni kazi ya melatonini. Mwaka huohuo wa 1995 Steven Reppert na David Weaver wakaandika kwenye jarida la *Cell* makala fupi kali, wakakumbusha jambo ambalo Shizufumi Ebihara na wenzake walikuwa wameshalionyesha mwaka 1986: aina nyingi za panya weupe na weusi wa maabara, wakiwemo wale maarufu kuliko wote, C57BL/6, wana kasoro za kurithi zinazowafanya watengeneze melatonini kidogo mno au wasitengeneze kabisa. Aina zilizotumika kwenye upandikizaji zilikuwa miongoni mwao.

Yaani tezi iliyopandikizwa ili itoe melatonini, ilitoka kwa mnyama ambaye tezi yake haitoi melatonini ya maana. Kama wazee wale waliishi zaidi, basi kuna kitu kingine kilichofanya kazi hiyo.

Kuna la pili lililonikaa kichwani zaidi. Kwenye C3H, aina ambayo bado inatengeneza melatonini yake, panya majike waliopewa melatonini ya ziada kwa muda mrefu walipata uvimbe kwenye viungo vya uzazi na wakaishi muda mfupi zaidi. Matokeo hayo yalikuwepo. Jalada halikuyataja.

Na la tatu ni la kuchekesha kidogo. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walipendekeza maelezo ya kwa nini panya wa maabara walipoteza melatonini. Wasio nayo, viungo vyao vya uzazi hukua haraka zaidi, na wafugaji wa maabara kizazi baada ya kizazi wamekuwa wakichagua panya wanaozaa mapema. Kama ni kweli, basi sisi wenyewe, kwa kutafuta uzazi, tuliiondoa melatonini kwenye panya tunaemtumia kila siku. Halafu tunaandika jaladani kwamba melatonini huongeza nguvu za uzazi.

Ukisoma utafiti wowote wa melatonini na kinga kuanzia leo, uliza kwanza: panya gani? Aliwekwa kwenye mwanga wa saa ngapi? Alipewa melatonini saa ngapi, na kwa muda gani? Kama makala haijibu, iweke pembeni hata kama jina la jarida ni kubwa.

Sisi tulio karibu na ikweta

Kuna swali jingine ambalo vitabu vya nchi za baridi haviulizi kwa niaba yetu. London huwa na mwanga wa saa zaidi ya 16 mwezi Juni na chini ya 8 mwezi Desemba. Morogoro, tofauti ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki saa moja. Nairobi ni dakika chache tu. Kalenda ya usiku kwetu ni karatasi ambayo kila ukurasa unafanana na uliopita.

Wanyama wetu hawajashindwa kupanga uzazi kwa sababu hiyo. Panya shamba wa Morogoro, *Mastomys natalensis*, amechunguzwa kwa miongo mingi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa Ubelgiji, akiwemo Herwig Leirs. Huyu anafuata mvua. Mvua zikinyesha na majani mapya kuchipua, majike huanza kuzaa. Mvua za vuli zikiwa nyingi, uzazi huanza mapema, watoto wenyewe wanawahi kuzaa, na mkulima anakuja kuiona hesabu yake shambani mbegu zikifukuliwa. Ndiyo maana mvua ndiyo inayotumika kutabiri mlipuko wa panya.

Nyumbu wa Serengeti nao huzaa ndama wao walio wengi ndani ya wiki chache, kuanzia karibu na Februari, nyanda za kusini zikiwa na majani mafupi yenye lishe. Mwaka 1977 A. R. E. Sinclair alipendekeza kwamba mwezi angani husaidia kuwaweka pamoja wakati wa kupandana. Mvua, lishe, mwezi: kalenda zipo, ila si ile ya hamsta.

Nyumbu na panya shamba wana pineali kama sisi, na giza lao la saa 12 lipo kila siku. Ninachosema ni kwamba hadithi ya "usiku mrefu, kinga juu, uzazi chini" ilijengwa kwa wanyama ambao usiku wao hurefuka. Tukiibeba nzima nzima na kuimwaga Kariakoo, tunapoteza hata kile kilichoifanya iwe sayansi nzuri. Na binadamu, popote alipo, hufanya mapenzi na kuzaa mwaka mzima. Si mnyama wa msimu kwa maana ya hamsta wala kondoo.

Nilichomwambia dada

Baada ya kusoma upya nilimpigia. Nikamwambia: "Dada, lile jibu langu lilikuwa la haraka. Naomba nilirudie."

Nikamweleza mambo matatu. Moja, hakuna mahali kwenye tafiti hizi panaposema kidonge cha melatonini kitamuongezea kinga mtu anayefanya kazi usiku. Mbili, kuhusu uzazi, ushahidi wa wanyama unaenda pande zote mbili, na mwaka 1992 watafiti wa Uholanzi waliijaribu melatonini pamoja na projestini kama njia ya *kuzuia* mimba. Dozi zao zilifika miligramu 300, mbali sana na kidonge chake, kwa hiyo sikutaka kumtisha. Nilitaka ajue kwamba "huimarisha uzazi" si kitu kilichothibitishwa. Tatu, chupa yenyewe. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2017 ulipima bidhaa 31 za melatonini na kukuta kiasi halisi kikitofautiana na lebo, kuanzia pungufu ya asilimia 83 hadi zaidi ya asilimia 478, na nyingine zikiwa na serotonini ambayo haikuandikwa. Kwa hiyo hata ile "miligramu 5" ilikuwa ni ya kuamini tu.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sasa mbona ulisema tafiti zipo nyingi?"

Zipo. Ni nyingi kweli, na nyingine ni nzuri ajabu. Zinahusu hamsta kwenye giza la saa 16, kondoo wa Michigan, na panya mweusi asiye na melatonini. Sikuwa nimejiuliza kama kuna hata mmoja kati yao anayefanana na muuguzi anayerudi nyumbani saa moja asubuhi akiwa amechoka, jua limeshawaka, anatafuta mtoto.

Dada alienda kliniki na shemeji, wote wawili wakapimwa, na wanaendelea na daktari wao. Kichupa kiko kabatini, bado hakijafunguliwa. Mimi nimejiwekea sharti moja ninalokupa nawe ulitumie au uliache: mtu akiniuliza kama kitu fulani "kinaongeza kinga", sijibu nikiwa kwenye daladala.